Anayewatafutia Watoto Familia Naye Atafutwe kwa Makini

Ipo kazi moja nchini ambayo hutangazwa magazetini kama kazi nyingine zote, huombwa kama kazi nyingine zote, na hatimaye hupewa mtu kwa vigezo vya kazi nyingine zote, ilhali haifanani nazo hata kidogo. Ni kazi ya mkuu wa mipango katika shirika la hisani linalowatafutia watoto familia za kuwalea kwa muda au za kuwaasili. Anayeajiriwa kuuza sabuni akikosea, sabuni itabaki ghalani. Anayeajiriwa kutengeneza barabara akikosea, barabara itachimbwa upya. Lakini anayeajiriwa kuamua ni mtoto yupi akalale katika nyumba ya nani akikosea, kosa lake hulala na mtoto huyo usiku kucha, na huenda likaamka naye kila asubuhi ya maisha yake.

Nina sababu mbili za kulizungumzia jambo hili leo. Ya kwanza ni kwamba taifa letu limo katika mageuzi makubwa ya malezi ya watoto wasio na ulinzi wa wazazi, na mashirika mengi yatahitaji viongozi wapya. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuketi katika jopo la kumchagua kiongozi wa aina hiyo, nami nikakosea. Nitaanza na hiyo ya pili, kwa maana si uungwana kumnyooshea mwingine kidole kabla ya kulikiri kosa lako.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi. Muhula wa pili tuliletewa mvulana aliyekuwa ametolewa katika makao ya watoto na kukabidhiwa mume na mke walioishi karibu na shule, kwa nia ya kumwasili hatimaye. Siku aliyoletwa alikuwa na sare mpya, viatu vipya na mkoba mpya. Maafisa wa shirika lililomleta walimpiga picha akiwa amesimama kati ya walezi wake, kisha wakaaga.

Majuma ya kwanza mtoto yule hakuniudhi hata siku moja. Alikuwa mtiifu kupita kiasi. Aliomba ruhusa hata ya kuchonga penseli. Mimi, kwa uchanga wangu katika mambo hayo, nikadhani ndio utulivu. Mwezi wa pili akaanza kuficha chakula ndani ya dawati: kipande cha mkate, nusu ya embe, wali uliofungwa katika karatasi ya daftari. Mwezi wa tatu akaacha kufanya kazi za ziada, akampiga mwenzake, na nilipomuuliza sababu akanyamaza kimya. Nilitamani kumweleza mtu, lakini shirika halikuwa limetuachia jina la afisa wala nambari ya simu. Mwezi wa nne, wakati wa mapumziko ya saa nne, gari la shirika likasimama langoni. Mtoto akaitwa, akapanda. Hakurudi hata kuchukua daftari zake. Nilipomuuliza dereva kulikoni, alinijibu kwa neno moja: familia "imeshindwa".

Dawati lile lilibaki wazi hadi mwisho wa muhula. Wanafunzi waliniuliza mwenzao amekwenda wapi, nami sikuwa na jibu la kuwapa.

Miaka michache baadaye nilialikwa kuwawakilisha walimu katika jopo la shirika jingine la namna hiyo hiyo, lililokuwa likimtafuta mkuu wa mipango. Tangazo lilikuwa limetaka shahada ya uzamili, tajriba ya miaka kumi, ustadi wa kuandika maombi ya ufadhili na ufasaha wa Kiingereza. Waliofika hatua ya mwisho walikuwa wawili. Mmoja alikuwa bwana nadhifu ambaye maneno yalimtiririka kama maji ya mto. Alituahidi kwamba katika mwaka wake wa kwanza angeongeza maradufu idadi ya watoto wanaopelekwa katika familia. Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyekuwa afisa wa watoto kwa miaka mingi. Alijibu maswali polepole, pengine kwa kusitasita, na alipopewa fursa ya kutuuliza swali, alisema: "Katika watoto mliowapeleka kwa familia kwa miaka mitatu iliyopita, ni wangapi waliorudishwa? Na je, naweza kuyaona majalada yao?"

Mwenyekiti alitazama saa yake. Mkurugenzi akaeleza kwamba hesabu hiyo haikuwa imewekwa.

Nami, ndugu msomaji, niliyeliona dawati tupu kwa macho yangu mawili, nilimpa yule bwana alama nyingi kuliko yule mama. Nilinaswa na ufasaha. Sikutambua kwamba swali la yule mama lilikuwa swali langu mwenyewe, lile nililokosa mtu wa kumuuliza siku gari liliposimama langoni. Yule bwana akaajiriwa. Idadi ya watoto waliopelekwa katika familia ilipanda kweli mwaka ule, nayo ikaandikwa kwa herufi kubwa katika ripoti ya mwaka. Idadi ya waliorudi haikuandikwa, kwa kuwa ripoti haikuwa na safu ya kuiandikia.

Sasa nije kwenye sababu ya kwanza. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mwaka wa 1990. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata malezi na ulinzi wa wazazi, na kuagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatakayotangulizwa. Mwaka wa 2014 Serikali ilitoa mwongozo kuhusu malezi mbadala ya kifamilia. Mnamo Novemba 2017 usajili wa makao mapya ya watoto ukasimamishwa. Mwaka wa 2022 ilipatikana Sheria mpya ya Watoto, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, na mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa kuyageuza malezi ya watoto, ambao muda wake ni hadi 2032. Lengo la haya yote ni moja: mtoto atoke katika makao, akalelewe katika familia.

Si watoto wachache wanaohusika. Makadirio ambayo yamekuwa yakitajwa ni kwamba watoto zaidi ya 40,000 wamekuwa wakiishi katika makao ya watoto humu nchini. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba wengi wa watoto wa makao si mayatima kama tunavyowaita. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka wa 2009 kwamba ulimwenguni, watoto wasiopungua wanne katika kila watano wanaoishi katika makao wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Aghalabu kilichowatoa nyumbani ni ufukara, maradhi, ugomvi wa wazazi, ama tamaa ya mzazi kumpatia mwanawe karo na sahani ya chakula.

Kwa hivyo, kazi ya kwanza ya mkuu wa mipango si kumtafutia mtoto wazazi wapya. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza kama wazazi wa zamani wapo, na kama kilichowashinda kinaweza kutatuliwa. Wazazi wakikosekana kabisa, hutafutwa jamaa: nyanya, mjomba, shangazi, kaka mkubwa. Haya ndiyo malezi ya jamaa, na kwa Waafrika si jambo geni. Jamaa wakikosekana, huangaliwa malezi ya muda, ambapo familia iliyochunguzwa humpokea mtoto kwa kipindi maalumu bila ya kukata uhusiano wake na wazazi. Kwa ndugu zetu Waislamu ipo kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua. Katika kafala mtoto hulelewa kama mwana wa nyumba lakini hubaki na nasaba yake. Kisha kuna kuasili, au kupanga mtoto kama wengine wanavyosema, ambako mahakama humfanya mtoto kuwa mwana wa waombaji kisheria, kana kwamba wamemzaa wao. Makao yanapaswa kuja mwisho, na kwa muda mfupi uwezekanao. Mtu asiyeujua mpangilio huu, au anayeujua lakini akaupindua kwa sababu kuasili kunapendeza zaidi katika picha, hafai kuwa mkuu wa mipango hata akiwa na shahada tatu.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini haja hii kubwa ya familia, ikiwa makao yana vitanda safi na chakula cha kutosha? Jibu tunalipata Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, ulimwengu uligundua kwamba watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamerundikwa katika makao ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanasayansi wa Marekani, wakiwemo Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza utafiti katika mji mkuu wa Bucharest. Walichukua watoto wadogo 136 kutoka katika makao sita. Nusu yao waliteuliwa kwa bahati nasibu kupelekwa kwa walezi wa muda, na nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliokwenda katika familia waliwapita wenzao katika akili, lugha na uwezo wa kumpenda na kumwamini mtu, na kwa mambo kadhaa waliofaidika zaidi ni wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa mtoto mdogo, basi, wakati ni sehemu ya dawa.

Lakini katika utafiti huo kuna somo ambalo wapenda haraka hulipita. Familia zile hazikuokotwa barabarani. Zilitafutwa, zikachunguzwa, zikafunzwa, zikalipwa, na maafisa wa ustawi wa jamii wakawa wanazitembelea na kuzisaidia mara kwa mara. Kilichomfaa mtoto hakikuwa nyumba peke yake. Kilichomfaa ni nyumba yenye mtu wa kuisaidia wakati mambo yanapokuwa magumu. Mvulana wangu wa darasa la nne alipewa nyumba bila ya msaada huo, na walezi wake, ambao sina haki ya kuwalaumu, waliachwa wapambane peke yao na mtoto aliyeficha chakula kwa sababu hakuamini kwamba kesho kingekuwapo.

Tutazame pia Marekani, ambako kuasili watoto kutoka katika malezi ya muda ni kazi kubwa ya serikali na mashirika ya hisani. Huko, sheria ya shirikisho ya mwaka wa 1997 iliamuru kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, mtoto akiwa amekaa katika malezi ya muda miezi 15 kati ya 22 iliyotangulia, maafisa waiombe mahakama kukomesha haki za wazazi ili apate makao ya kudumu. Hata hivyo watoto wakubwa, ndugu wanaotaka kukaa pamoja na wenye ulemavu waliendelea kubaki nyuma. Wakfu wa Dave Thomas, mfanyabiashara ambaye naye aliasiliwa akiwa mtoto, ulianzisha mpango wa kuwashughulikia watoto hao mwaka wa 2004. Kila afisa alipewa watoto wachache tu. Alitakiwa alisome jalada la mtoto tangu ukurasa wa kwanza, akae na mtoto mwenyewe amfahamu, kisha awatafute watu waliowahi kumjua: mwalimu, kocha, shangazi aliyesahauliwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba watoto waliohudumiwa hivyo waliweza kuasiliwa hadi mara tatu zaidi ya wenzao. Siri haikuwa ufundi wa ajabu. Siri ilikuwa afisa mwenye nafasi ya kumjua mtoto, na mkuu aliyekubali kwamba kumjua mtoto ni kazi ya kulipwa.

Basi hapa ndipo lilipo jambo kuu ninalotaka kulisema. Mkuu wa mipango asichaguliwe kwa idadi ya watoto anaoahidi kuwapeleka katika familia. Achaguliwe kwa namna anavyofikiri kuhusu yale yanayotokea baada ya mtoto kupelekwa. Sheria yetu hutaka mwombaji awe ameishi na mtoto miezi mitatu mfululizo kabla ya kufika mahakamani. Miezi hiyo mitatu, na ile inayofuata, ndiyo inayojaribu kila kitu. Picha za siku ya kwanza hazina shida. Hata mimi ningetabasamu nikiwa nimevaa viatu vipya.

Liko jambo la pili, nalo ni ujasiri wa kukataa. Katika nchi yetu hii, mtoto amewahi kugeuzwa bidhaa. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku wageni kuwaasili watoto wa Kenya, kukiwa na hofu ya biashara haramu ya binadamu. Novemba 2020 shirika la habari la BBC lilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu kuuzwa kwa watoto wachanga katika jiji la Nairobi. Mkuu wa mipango ndiye anayetia sahihi yake chini ya ripoti isemayo kwamba mtoto huyu hana mtu na nyumba ile inafaa. Watakuja kumwona watu wenye fedha wasiotaka kungoja. Atakuja mfadhili mwenye rafiki. Atakuja mwanachama wa bodi mwenye binamu. Atakuja mheshimiwa atakayesema kwamba yeye hahitaji kuchunguzwa. Kila mmoja atakuja na tabasamu na hoja yenye huruma. Mtu asiyeweza kusema "la" kwa adabu na kulishikilia hafai kukabidhiwa sahihi hiyo.

Je, jopo litamjuaje mtu wa aina hii? Haiwezekani kumjua kwa kumuuliza kama anapenda watoto. Hakuna mwombaji atakayejibu kwamba anawachukia. Nina mapendekezo machache, na sidai kuwa nayajua yote.

Kwanza, kabla ya kutangaza kazi, bodi ya shirika ikae na majalada yake yenyewe. Ijue watoto wangapi walikwenda katika familia, wangapi wangalipo huko baada ya mwaka mmoja na baada ya mitatu, wangapi walirudi, na kwa nini. Shirika lisilojua majibu haya halijui linamtafuta nani. Ni sawa na mtu aendaye kwa fundi bila ya kujua ni kifaa gani kilichoharibika.

Pili, kila mwombaji apewe jalada moja la mfano, lisilo na jina la mtoto yeyote wa kweli, na saa moja ya kulisoma. Liwe na mambo yanayogongana: nyanya aliye hai lakini mgonjwa, ndugu wawili wanaopendana, familia tajiri inayomtaka mdogo peke yake, na mfadhili anayeulizia habari njema kabla ya mwisho wa mwaka. Kisha aulizwe: kesho asubuhi utafanya nini? Jibu lake litafichua zaidi ya wasifu wa kurasa sita.

Tatu, aulizwe habari ya mtoto aliyemshinda. Aliyeifanya kazi hii kwa miaka kumi na kusema kwamba hakuna malezi yaliyowahi kuvunjika mikononi mwake, ama hakuifanya, ama hakuwafuatilia watoto. Msikilize anayesimulia alipokosea, alichojifunza na alichobadilisha. Asiyeona kosa lake atalitupa kwa mtoto: atasema mtoto alikuwa mkaidi.

Nne, aulizwe ni watoto wangapi ambao afisa mmoja anaweza kuwashughulikia, na atafanya nini wafadhili wakitaka wawe maradufu. Swali hili ni la hesabu, lakini ndani yake mna utu. Afisa mwenye watoto wengi mno hutembelea milango. Hana muda wa kuwatembelea watu waliomo.

Tano, mahojiano yasiwe ya Kimombo pekee. Kazi hii hufanywa barazani kwa nyanya wa Kilifi, jikoni kwa mama wa Kakamega, na katika ofisi ya chifu wa Turkana. Mkuu anayeweza kueleza haki za mtoto katika ukumbi wa hoteli lakini asiweze kuzieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka na bibi mwenye jembe mkononi, atawategemea wengine wamwambie yanayojiri mashinani.

Sita, yachunguzwe maisha yake ya kazi. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema ni lazima, lakini hakitoshi. Wapigiwe simu waliomwajiri awali, tena na wale aliowasimamia. Kazi inayomfikisha mtu karibu na watoto wasio na mtetezi huwavutia watu wema, na vilevile huwavutia waovu. Jopo lisione haya kuchunguza.

Mwisho, ndani ya jopo wawemo mtu mzima aliyelelewa katika makao au katika familia ya muda, na mwalimu. Hao wawili huyaona yasiyoandikwa. Ila, kama kisa changu kinavyoonyesha, kuwa mwalimu si kinga ya kutokosea. Mwalimu naye akumbushwe yaliyomtokea darasani kabla ya kuanza kutoa alama.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema kwamba bila ya wafadhili hakuna mshahara wa maafisa, hakuna gari la kuwatembelea watoto, na kwamba wafadhili huzungumza lugha ya ripoti na takwimu. Ni kweli. Pia sisemi kwamba yule bwana mfasaha alikuwa mtu mbaya. Huenda alijitahidi kwa kadiri alivyoelewa kazi aliyopewa, na sisi ndio tuliomweleza kwamba kazi ni idadi. Lakini mwandishi hodari wa maombi ya fedha anaweza kuajiriwa na kuwekwa chini ya mkuu. Mhasibu naye vivyo hivyo. Busara ya kuamua mahali pa mtoto haiwezi kuazimwa kwa mtu wa chini. Aidha, mfadhili mwenye nia njema akielezwa wazi kwamba watoto 20 waliodumu katika familia ni ushindi mkubwa kuliko 60 ambao nusu yao wamerudi, ataelewa. Asiyetaka kuelewa, fedha zake zina gharama ambayo mtoto ndiye anayeilipa.

Watasema tena kwamba nadharau elimu. Hasha! Ningekuwaje mwalimu nikadharau elimu? Kazi hii inahitaji mtu aliyesoma sheria ya watoto akaielewa, aliyesoma makuzi ya mtoto, na anayejua majeraha ya moyo hujitokezaje katika tabia. Laiti nami ningejifunza hayo chuoni, ningejua kwamba utiifu uliopita kiasi ulikuwa woga, na kwamba mkate uliofichwa dawatini ulikuwa ujumbe. Ninachokataa ni karatasi kusimama mahali pa elimu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Watoto wanaotoka katika makao kwenda katika familia watazidi kuingia katika madarasa yetu kadiri mageuzi haya yanavyoendelea. Mtoto akiletwa, tumdai afisa wa shirika jina lake na nambari ya simu siku hiyo hiyo, na tumuulize ni lini atarudi. Tuandike tunayoyaona, mema na mabaya, pamoja na tarehe. Tusimwite mtoto "yule wa makao" mbele ya wenzake. Tukiwapa wanafunzi zoezi la kuchora ukoo wao, tukumbuke kwamba kuna mtoto ambaye hajui achore nani, tumpe nafasi ya kuwachora wale wanaomlea. Na mtoto akiondoka, tumpe daftari zake, tumuage, tuwaambie wenzake ukweli unaowafaa. Kuondoka bila ya kwaheri ni somo baya ambalo watoto hawa wamekwisha kulisoma mara nyingi mno.

Kwa wanafunzi, hasa mlio katika vyuo na mnaofikiria mtakalofanya maishani: kazi hii ipo, ni ya heshima, na inawangoja. Lakini msiiendee kwa huruma peke yake. Jifunzeni kusikiliza bila ya kukatiza. Jifunzeni kuandika ripoti ya kweli hata pale ukweli unapoaibisha ofisi yenu. Jifunzeni lugha za watu mtakaowahudumia. Na siku mtakapoitwa mbele ya jopo, msione haya kuuliza swali kama la yule mama, hata ikiwa mwenyekiti atatazama saa yake.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Usemi huo tumezoea kuutumia kuwahimiza majirani. Leo natamani usikike katika vyumba vya bodi, ambako watu watano au sita huketi asubuhi moja wakaamua ni nani atakayeishika mikono yote ile na kuiunganisha. Mara nyingine wanapoketi, waache kiti kimoja wazi mezani, mithili ya dawati lile la darasa la nne, kisha wamuulize kila mwombaji: aliyeketi hapa amekwenda wapi, na wewe utajuaje?